Ndege Inapoipita Morogoro

Kutoka kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, hata kiwanja cha ndege cha Dodoma ni kilomita 390 hivi, ukipima kwa mstari ulionyooka angani. Ndege ya pangaboi hukata umbali huo kwa saa moja, ikizidi si kwa dakika nyingi. Ndivyo wasemavyo watu wa ratiba, nao hawasemi uongo. Walakini mtu wa Morogoro akiisikia hesabu hiyo hutabasamu, kwa maana yeye anakaa karibu na katikati ya mstari huo, na ndege anaiona ikimpita.

Twataka leo tuitazame hesabu hiyo kwa makini. Si kwamba tunaichukia ndege. Ndege ni chombo chema, kimewahisha wagonjwa mahututi na kimeunganisha pembe za nchi ambazo zamani zilionana kwa barua tu. Bali maneno haya, "saa moja", yamezoeleka mno katika mazungumzo ya maofisi na mabaraza, hata mtu akadhani kuwa nchi imefupika kwa wote sawasawa. Kipimo cha kiwanja kwa kiwanja ni kipimo safi kuliko vyote, nacho hakimhusu mtu ye yote isipokuwa yule alalaye kiwanjani. Mwananchi huenda kutoka mlango wa nyumba yake hata mlango wa jambo lake.

HESABU YA MSTARI

Tuanze na umbali wenyewe, maana wapo wasomaji wapendao kujua namna mambo yanavyopimwa. Duara la dunia limegawanywa kwa digrii 360, na kila digrii ina dakika 60. Dakika moja ya mgongo wa dunia, ukienda kaskazini au kusini, ndiyo maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Na maili hiyo ndiyo watumiayo manahodha wa majini na marubani wa angani hata leo. Basi digrii nzima ni kilomita 111 hivi. Katika nchi iliyo karibu na Ikweta kama yetu, digrii ya mashariki kwa magharibi nayo haipungui sana hapo.

Kiwanja cha Dar es Salaam kiko digrii 39.2 mashariki, kile cha Dodoma kiko digrii 35.75. Tofauti ni digrii tatu na nusu kasoro kidogo, ambazo ni kilomita 381. Tena Dodoma iko kaskazini zaidi kwa saba ya kumi ya digrii, yaani kilomita 79. Ukiziunganisha namba hizo mbili kwa kanuni ya pembetatu, ile ya Pythagoras ambayo walimu wetu wa misheni walitukaririsha kabla ya chai ya saa nne, wapata 390 hiyo hiyo.

Sasa chora mstari huo katika ramani, uone unapita wapi. Unavuka nchi ya Pwani, unaingia Mkoa wa Morogoro, unapita kiasi cha kilomita 28 kaskazini ya mji wa Morogoro, kusini kidogo ya Dakawa, kisha unaelekea Dodoma. Abiria aendaye Dodoma na kuketi upande wa kushoto, ikiwa mawingu yamemhurumia, ataiona milima ya Uluguru yote ikiwa imelala kama ng'ombe aliyeshiba: Lupanga juu ya mji, mita 2,138, na nyuma yake, kusini, Kimhandu ipitayo mita 2,600. Kutoka kiwanja cha Dar es Salaam hata mji wa Morogoro ni kilomita 170 tu za angani. Ndege ikiwa katika mwendo wake kamili humaliza kilomita hizo kwa dakika kumi na saba hivi. Abiria huyo hajamaliza hata kikombe chake cha maji, na Morogoro imekwisha kuwa nyuma.

MBONA SI DAKIKA AROBAINI?

Ndege ya aina ya Dash 8-400, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania limeitumia katika safari za ndani, yaweza kwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa ikiwa imekwisha kupanda. Gawanya 390 kwa 600, wapata dakika 39. Mbona basi ratiba husema saa moja na dakika kadhaa?

Sababu ni kwamba ile kasi kubwa hutumika kwa sehemu tu ya njia. Ndege huondoka penye maegesho ikitambaa, hungoja zamu yake, kisha huruka ikiukabili upepo, maana upepo wa mbele ndio uinuao mabawa. Njia ya kurukia ya Dar es Salaam imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi. Majira ya kaskazi, upepo ukivuma kutoka baharini, ndege hukimbia kuelekea kaskazini-mashariki, nayo Dodoma iko magharibi. Haina budi kupanda na kugeuka ndipo ianze safari iliyoikusudia. Njia ya Dodoma nayo imelala mashariki kwa magharibi. Upepo ukitoka mashariki, ndege itokayo Dar es Salaam yapaswa kupita, kugeuka, na kutua ikielekea kule ilikotoka. Dakika huliwa hapo.

Tena iko habari ya kimo. Dar es Salaam iko mita 55 tu juu ya bahari, na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya mchana wenye jua kali huwa nyepesi zaidi. Chombo kikitaka kuruka kutoka huko huhitaji kukimbia mbali zaidi, ama kupunguza mzigo. Ndiyo maana kiwanja cha Msalato, ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Oktoba 2022, kilipangiwa njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Kiko nje ya mji wa Dodoma, upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita 12. Na kilomita hizo 12 msomaji azitunze kichwani, tutazihitaji.

Tusiwalaumu marubani kwa dakika wanazoongeza. Mstari wa ramani si reli. Rubani huuacha kwa ajili ya wingu, kwa ajili ya mlima, au kwa amri ya waongozao ndege. Mwezi Mei 1955 ndege ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga mlima Kilimanjaro, wakafa watu wote 20 waliokuwamo. Na tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19. Uluguru nayo hukusanya mawingu ya bahari. Ubavu wake wa mashariki hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka. Dakika kumi za kuzunguka wingu zina thamani yake.

SAA ZA ARDHINI

Lakini hata tukiikubali ile saa moja kama ilivyo, haijawa safari. Mchukue karani mmoja akaaye Mbagala, ambaye ameitwa Dodoma kwa kazi. Ndege yake yaruka saa moja na nusu asubuhi. Atoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa msongamano wa magari haumwamini mtu. Afika kiwanjani saa kumi na mbili. Akaguliwa, apimiwa mzigo, aketi, angoja. Saa mbili na nusu yuko Dodoma. Apokea mzigo wake, atafuta gari, na saa tatu yuko mlangoni pa ofisi. Ametumia saa nne, na katika hizo nne ndege imemchukua saa moja. Robo tatu ya safari yake ya ndege ameifanya ardhini. Akitua Msalato badala ya kiwanja cha mjini, aziongeze sasa zile kilomita 12.

Karani huyo huyo akienda kwa treni ya umeme atatoka Mbagala, aende stesheni iliyo katikati ya jiji, angoje kama saa moja, asafiri saa tatu na nusu au kukaribia nne, kisha apande gari kutoka stesheni ya Dodoma, ambayo nayo iko nje kidogo ya mji. Tumehesabu saa sita hivi. Ratiba husema treni huchukua mara tatu na nusu ya muda wa ndege. Mlango husema mara moja na nusu. Hesabu zote mbili ni za kweli, ila moja ni ya vyombo na nyingine ni ya watu. Na tukiweka nauli kando yake, mambo hubadilika tena: nauli ya kawaida ya treni kutoka Dar es Salaam hata Dodoma iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000, na ile ya Morogoro shilingi 13,000. Tiketi ya ndege ni mara kadhaa ya hiyo.

Na mtu wa Morogoro je? Yeye ndege ya ratiba ya Dar es Salaam na Dodoma haimjui. Mji wa Morogoro una kata nzima iitwayo Kiwanja cha Ndege. Ina watu, maduka, shule na diwani wake, na jina lake limewafurahisha wageni wengi wanaouliza tiketi zinakatwa wapi. Akitaka kuipanda ndege ya kwenda Dodoma, mwenyeji wa kata hiyo yampasa kwanza arudi nyuma hata Dar es Salaam, kilomita 190 na zaidi kwa barabara, ili aruke juu ya mkoa wake mwenyewe. Hakuna mwenye akili afanyaye hivyo.

MIGUU, RELI NA LAMI

Morogoro imezoea kupimwa na wapitao. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alikwenda kutoka Bagamoyo hata Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo chini ya Uluguru, hapo penye Morogoro ya leo. Aliandika kuwa umbali ni maili 119, yaani kilomita 191, na kwamba aliumaliza kwa miendo 14. Walakini masika na kucheleweshwa na msafara mmoja vilimfanya atumie siku 29. Siku zake alizihesabu vizuri. Mabega ya wapagazi waliobeba vitambaa, shanga na nyaya zake hayakupata kipimo.

Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 garimoshi likafika Morogoro. Kigoma likafika mwaka 1914. Basi katika muda usiotimia miaka arobaini safari ya siku 29 ikawa ya siku moja. Hakuna chombo cho chote kilichokuja baadaye, wala ndege, kilichopunguza safari ya Morogoro kwa kiasi kile. Jambo hili husahauliwa, kwa kuwa garimoshi lile lilikuja kuzeeka mbele ya macho yetu na tukalizoea kama mtu anavyomzoea babu yake.

Kisha ikaja barabara ya lami, na barabara imetoza ushuru mkubwa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa gari, akafa katika ajali pale Dakawa. Mstari wa ndege tuliouchora juu hauko mbali na mahali pale. Kwa ramani hazifiki hata kilomita 20. Taifa zima lililia. Tena tarehe 10 Agosti 2019, karibu na Msamvu, mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Wengi walikuwa vijana watafutao riziki kando ya barabara hiyo, ambao kila siku huwauzia maji na matunda abiria wa mabasi. Twataja mambo haya kwa sababu anayesema "Dar es Salaam na Dodoma ni saa nane kwa basi" hajasema yote. Barabara ya kilomita 450, ambamo basi, lori la mafuta, gari la mkubwa na baiskeli ya muuza mkaa vyagawana upana mmoja, ina bei nyingine isiyoandikwa katika tiketi.

Ndiyo sababu tuliiona reli mpya kuwa habari kubwa kwa Morogoro kuliko kwa mji mwingine wo wote. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Aprili 2017. Abiria wa kwanza wa kulipa nauli walifika Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma tarehe 25 Julai mwaka ule ule. Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Treni hiyo hukimbia hata kilomita 160 kwa saa. Kutoka Dar es Salaam hata Morogoro hutumia saa mbili kasoro, na kutoka Morogoro hata Dodoma karibu vivyo hivyo. Karibu na Kilosa, ambapo Mto Mkondoa ulizoea kuila reli ya zamani, hata mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yakaikata kwa muda mrefu, reli mpya imepitishwa katika mahandaki manne na juu ya madaraja marefu.

Haikukosa vituko vyake. Katika siku za mwanzo, treni iliposimama njiani kwa kukosa umeme, Shirika la Reli lilieleza kuwa ngedere na bundi walihusika na hitilafu katika nyaya. Watu walicheka sana. Sisi hatukuona ajabu: mwenye kupitisha nyaya katika mbuga za Mkata na misitu ya Kilosa asidhani wenyeji wa huko watakaa kimya.

Hivyo basi, Morogoro, ambayo ndege inaipita, imejikuta karibu na Dar es Salaam kuliko ilivyopata kuwa karibu tangu dunia kuumbwa. Mfanyakazi wa Kihonda aweza kuamka nyumbani kwake, akahudhuria shauri lake la mafao jijini, na jioni akala na watoto wake. Jambo hilo ndege haikulifanya, wala haikukusudiwa kulifanya. Chombo kinachosimama katikati kina faida ambayo chombo kinachopita juu hakina, hata kama cha pili kina kasi mara nne.

MLIMANI

Lakini tusishangilie hata tukasahau kutazama juu. Upande wa nyuma wa Lupanga, katika tarafa ya Mgeta, kiko kijiji cha Nyandira. Kwa mstari wa ndege, kutoka Nyandira hata mji wa Morogoro ni kama kilomita 30. Treni ya umeme ingezimaliza kwa muda wa kuvuta sigara mbili. Kwa barabara ipitayo Mlali na kuzunguka vilima hazifiki kilomita 60. Na kilomita hizo, wakati wa masika, lori la kabichi laweza kuzitumia muda mrefu kuliko ule wa treni kutoka Dar es Salaam hata Morogoro; na siku njia ikiporomoka haliendi kabisa.

Mgeta hulisha mji. Kabichi, karoti, njegere, viazi, mapichisi na plamu za mlimani hushuka kwenda Morogoro na kufika Kariakoo. Upande wa pili wa milima, Kinole na Matombo, hutoka ndizi, karafuu, pilipili manga na matunda ya kila namna. Na kitu kimoja zaidi hutoka mlimani bila kulipa nauli wala kungoja gari: maji. Vijito vya Uluguru huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mfanyakazi wa Temeke afunguaye bomba asubuhi amepokea mgeni kutoka Uluguru. Maji yamepata njia yao; mwenye mlima ndiye ambaye bado anaitafuta yake.

Tazama pia mambo ya Matombo na Nyandira. Kwa mstari wa angani mahali hapa pawili pametengana kwa kilomita 20 hivi, na watu wake ni Waluguru, huozana na kuzikana. Katikati wameketi vilele na uwanda wa Lukwangule, ulio zaidi ya mita 2,000 juu. Mtu akitaka kwenda msibani kwa gari, hushuka mlima wa kwanza hata Morogoro mjini, kisha hupanda mlima wa pili: karibu kilomita 100 za kuzunguka. Akienda kwa miguu, ni kazi ya kutwa, tena ya mtu mwenye mapafu mazima. Ikiwa wako wanaotaka mfano wa tofauti kati ya umbali wa ndege na umbali wa binadamu, wasiende mbali; wasimame Matombo na kuuliza njia ya Nyandira.

Kwa mwenye kuuza kabichi, saa tatu za kukwama ni hasara ya fedha. Kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa ambaye zahanati imemwambia aende hospitali ya mkoa, saa hizo ni jambo jingine. Amefungwa juu ya bodaboda, mmoja mbele na mmoja nyuma akimshikilia, na njia ni udongo mwekundu uliolowa. Hatudhani kuna mtu awezaye kumtajia mama huyo kilomita 30 za angani.

Kwa hiyo tunasema waziwazi palipo na haki ya kusema. Fedha nyingi zimetumika kufupisha masafa marefu, na zilitumika vema. Masafa mafupi ndiyo yaliyobaki marefu. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini ziko mikononi mwa TARURA, wakala uliowekwa kwa kazi hiyo hasa. Kwa hiyo hakuna tena haja ya mkulima kuzungushwa kati ya ofisi kumi akiuliza mwenye barabara ni nani. Si lami kila mahali inayohitajika. Wenyeji wa mlima wajua vizuri ni wapi gari hukwama: ni kona zile zile, vijito vile vile, kila mwaka. Zege katika miinuko mikali, makalvati penye vijito, na mitaro inayosafishwa kabla ya mvua ya Machi badala ya baada yake, vingeondoa sehemu kubwa ya adha hiyo kwa fedha ndogo sana ukilinganisha na kilomita moja ya reli.

Tena twaomba jambo ambalo halihitaji fedha bali kalamu. Kila Kamati ya Maendeleo ya Kata katika milima hii iandike, mwezi kwa mwezi, siku ambazo barabara yake ilifungwa, na muda ambao gari la kwanza lilitumia kufika mjini. Ndege ina ratiba, treni ina ratiba, na ikichelewa dakika ishirini watu huandika magazetini. Barabara ya Mgeta ikifungwa siku nne haiandikwi po pote, na jambo lisiloandikwa ni vigumu kulipeleka mbele ya baraza la madiwani na kuliombea fungu.

Liko na jambo la stesheni. Stesheni mpya ya Morogoro iko Kihonda, mbali na soko na mbali na stendi yanakotokea magari ya mlimani. Mtu wa Nyandira, Kinole au Matombo akitaka kuipanda treni ya asubuhi hana njia ila kushuka jana yake, alale mjini kwa ndugu, au kwa chumba cha kulipia, kisha atafute usafiri mwingine hata Kihonda. Usiku huo mmoja umekula faida yote ya mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Wenye magari ya Mlali, Mgeta, Mkuyuni na Matombo, wakikaa pamoja na halmashauri na watu wa reli, waweza kupanga gari moja tu la alfajiri kwa kila njia, lifike Kihonda kabla ya treni, na jingine la kuwangoja abiria wa jioni. Saa za magari hayo zibandikwe ukutani katika ofisi za vijiji vya juu, kwa herufi kubwa, kando ya saa za treni.